Mtoto Hakubemendwa

Wiki ya tano baada ya kujifungua, nilikuwa naosha wali kwa sabuni.

Siyo mchele. Wali wa nazi, ulioiva.

Naumwaga kwenye beseni la nepi, naukoroga mpaka povu lipande, nausuuza mara saba. Nikikosea hesabu, naanza upya. Halafu nameza vijiko vinne vya ule ute wa kijivu. Unaobaki naurudisha kwenye sahani.

Beseni la nepi halikunitia kinyaa. Mafuta ya nazi ndiyo.

Tumbo langu lilikuwa limelegea. Nikikaa, ngozi inagusana na ngozi, inatoa jasho, nanyanyuka kuisugua mpaka inachubuka. Niliona kila tone la mafuta linakwenda kuganda pale na kuoza. Nilijua si kweli. Kujua hakukunisaidia.

Jirani akichungulia, "Raudha, umenawiri!", nataka kutapika.

Mama mkwe wangu, Bi Swaumu, alikuwa ametoka Chiola kuja kwetu Chinongwe kunihudumia mpaka arobaini. Anapika, ananiletea chumbani, anatoka nile kwa nafasi.

Maziwa yakaanza kukauka. Mwanangu Faridi akakonda, macho yakaingia ndani.

Hapo kikanuka.

"Huyu kabemendwa!" Bi Swaumu alimfokea mume wangu. Kwetu wanaamini mtoto mchanga hudhoofika baba akishindwa kujizuia. "We Huzaifa, arobaini tu zimekushinda? Au una mchepuko huko Ruangwa mjini?"

"Wallahi mama, sijafanya kitu."

"Funga domo! Hata beberu ana haya."

Akafukuzwa, akaenda kulala kwa rafiki yake. Kijiweni wakampokea, "Karibu, mzee wa kubemenda!"

Kabla hajaondoka nyumbani alinitazama, akisubiri neno langu.

Nikainamisha kichwa.

Siku ya tatu Bi Swaumu akaja na kikombe cha mizizi, maji meusi yananuka kama mtaro. Akamshika Faridi taya.

"Mama, usimpe!" Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. "Huzaifa hana kosa. Mimi sili. Wali wako naufua."

"Unaufanyaje?"

"Kwa sabuni."

Akaweka kikombe chini polepole.

"Raudha. Masazo yako nani anayala?"

"Si kuku?"

"Kuku gani! Nakula mimi! Mwezi mzima naharisha, nasikia ladha ya sabuni, nikadhani mdomo umezeeka!"

Akatapika mlangoni. Nami nikatapika nikimtazama. Kisha akanifunga kanga, akambeba Faridi, tukaenda kliniki Ruangwa.

Nesi alimpima mtoto, akasikiliza habari ya sabuni, halafu akanipandisha mimi kwenye mzani.

"Wali usingekuwa na mafuta, ungeuosha?"

"Hapana."

"Basi huogopi uchafu peke yake. Unauogopa mwili wako. Ni maradhi mawili yaliyoshikana mikono, na yote yana matibabu."

Faridi akaanzishiwa maziwa ya kusaidia. Mimi nikapelekwa kwa daktari wa akili. Nilidhani nitaambiwa kichaa. Nikapewa dawa na mtu wa kuzungumza naye kila wiki mbili. Kuhesabu hakujaisha, lakini sasa nakula.

Arobaini ilipotimia nilikwenda kijiweni kwa miguu yangu.

"Mume wangu hakubemenda mtoto," nikawaambia. "Mimi nilikuwa mgonjwa, nikanyamaza akatukanwa."

Hakuna aliyecheka. Huzaifa akainuka, akapitia mfuko wake wa nguo kwa rafiki yake, tukarudi nyumbani.

Ndugu msomaji, mtoto akikonda, kabla hujauliza baba kalala wapi, muulize mama amekula nini. Na muulize kwa upole.