Masikio ya Nasro wa Matisi

Ukinunua podi hapa Matisi, mtaa wetu wa Kitale, bila kumuuliza Nasro, usije kunililia. Podi ni zile spika ndogo za masikioni zisizo na waya, na mimi, fundi wa nguo niliyepakana na duka lake miaka tisa, nilizidharau kabisa. Mtu anatia kitu cha ukubwa wa punje ya maharagwe sikioni, kisha unamsalimia anakuitikia kwa kichwa! Lakini Nasro mwenyewe nilimheshimu, kwa sababu hakuwa na pupa ya kuuza.

Aina mpya ikifika, haitundikwi dukani siku hiyo. Nasro huivaa kwanza chini ya hijabu, tangu anapofungua duka mpaka adhuhuri. Hijabu inabana sikio sawasawa, kwa hiyo podi isiyomuuma pale haitamuuma mtu. Kisha huvuka barabara na kusimama mlangoni kwa mashine ya kusaga mahindi, aone kama kweli inazima kelele. Hapo hapo hunipigia simu, nami nikiwa kwenye cherehani yangu namwambia kama sauti yake imefika nzima au imefika na unga.

Jaribio la mwisho ndilo nililopenda kulitazama. Alikuwa na rekodi ya litungu, kile kinubi cha Wabukusu, aliyoichukua kwa simu kwenye harusi moja Kamukuywa. Huketi, hufumba macho, halafu huenda zake. Siwezi kulisema vingine. Mwili hubaki Matisi na uso huwa wa mtu anayeota ndoto nzuri.

"Mpiga litungu yuko kushoto," hunisimulia polepole. "Wanawake wako kulia, wanapiga makofi. Mmoja amevaa bangili. Kuna mtoto nyuma huko analia... sasa amepewa titi, amenyamaza."

Podi mbaya, alivyonieleza, huwasonga watu wote hao katika chumba kimoja, lakini iliyo nzuri humwachia kila mmoja mahali pake. Watu walitoka mpaka Bumula kuja kusikia neno lake tu. Akisema besi imevimba, basi imevimba, na hakuna atakayeigusa.

Mwezi wa tatu akafungua boksi la aina mpya. Akavaa, akafumba macho, akakunja uso.

"Upande wa kulia iko chini," akasema.

Akajaribu ya pili, na ya tatu.

"Dinah, boksi yote ni mbaya bana. Wale wanawake wamesimama mbali. Bangili hata siisikii."

Akalirudisha boksi zima. Wiki iliyofuata likaja la kampuni nyingine kabisa, nalo upande wa kulia uko chini. Siku hiyo aliwatukana watengenezaji wote, ati siku hizi wanajali sikio moja tu, nami nikacheka mpaka nikajidunga sindano.

Alipokwenda kuswali adhuhuri, sijui nini kilinituma. Nilizitia masikioni zile podi alizoniachia pamoja na simu yake, nikaicheza rekodi. Mama yangu! Duka langu likaondoka. Nilikuwa Kamukuywa, nyasi mbichi chini ya miguu, litungu likitetema kushoto kwangu. Makofi yakaja kulia, na bangili ikalia karibu sana na shavu langu hata nikageuka kumtafuta mwenyewe. Nikaona ukuta. Ndipo nikaelewa, nikaingiwa na hofu.

Aliporudi nilimwambia. Ningeweza kunyamaza, lakini rafiki gani huyo?

"Nasro, hizi zote ziko sawa. Kushoto na kulia."

"Wewe unajua nini ya podi?"

"Sijui kitu. Lakini bangili nimeisikia."

Kisha akaliziba sikio la kushoto kwa kiganja, akaniambia niongee. Nikaongea juu ya kitambaa, juu ya mvua, juu ya upuuzi wowote uliokuja. Nikamwona anatazama midomo yangu.

"Ni nta," akasema mwishowe. "Si masikio hujaaga nta?"

"Hujaaga," nikamjibu, nikiomba iwe hivyo.

Hakutaka kupimwa Kitale, mji unaomjua kwa masikio yake na kumlisha kwa hayo hayo. Tukaenda Bungoma, kwa mpimaji aitwaye Phelista, mama mpole mwenye vidole vya joto. Alimulika ndani ya sikio la kulia, akatazama kwa muda mrefu.

"Nta hakuna," akasema. "Huku ni safi kabisa."

Nasro hakunitazama. Akaingizwa katika kachumba kenye dirisha la kioo, akavishwa spika kubwa za kufunika masikio, na hata hapo kazi yake haikumwacha.

"Sponji yake ni laini," akatuambia. "Lakini zinalemea kichwa. Mtu hawezi kukaa nazo siku nzima."

Phelista akacheka. "Ukisikia mlio, hata mdogo namna gani, inua mkono. Tunaanza kushoto, halafu kulia."

Mlango ukafungwa. Nasro akafumba macho na kwenda zake, kama nilivyomwona akienda mara mia. Mkono wa kushoto ukainuka, ukashuka, ukainuka tena, mwepesi. Phelista alizidi kuipunguza milio, na mkono ukazidi kuinuka.

"Sikio hili sijaona mfano wake," akaninong'oneza.

Kisha akahamia kulia. Akabonyeza. Akapandisha sauti, akabonyeza. Akapandisha tena, akabonyeza.

Nyuma ya kioo Nasro alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, macho yamefumbwa. Alikuwa akitabasamu, akingoja tuanze upande wa kulia.