Wati Tano za Delmar Fossum

Delmar Fossum wa Halstrom, Minnesota, hakuwa mtu wa majivuno. Aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na minane bila kujisifu hata siku moja, na alipomwoa Arlys, binti aliyegombewa na nusu ya vijana wa pale, alisema tu kwamba wenzake walichelewa kufika. Lakini ukigusia redio yake, umejitakia. Hapo kifua kilijaa, sauti ikapanda, na hukuondoka kabla ya kuambiwa kwamba yeye anarusha mawimbi kwa wati tano tu.

Wati tano si kitu. Taa ya ndani ya friji inazizidi. Ila kwa hizo hizo, akigonga alama za Morse kwenye kibonyezo chake cha shaba katika chumba cha chini ya nyumba, alikuwa amefika Peru, Ufini, na kisiwa kimoja ambacho Arlys aliamini kabisa kwamba mumewe amekitunga. Wenye mitambo mikubwa aliwaita wapayukaji.

Palikuwa na chama cha watu wa wati tano kama yeye, wanaume tisa wenye kofia, waliokutana mkahawani mara moja kwa mwezi kula chapati za maji na kudanganyana kidogo. Kila mmoja alikuwa na namba ya uanachama ya maisha. Aliyebainika kuvuka wati tano alifutwa: namba yake ilisomwa mezani, na wote wakafudikiza vikombe vyao vya kahawa bila kusema neno. Delmar, namba kumi na nne, ndiye aliyekuwa katibu. Ni yeye aliyeleta hoja ya kumfuta Norbert maskini, aliyetumia wati kumi siku ya dhoruba ya theluji. "Leo kumi, kesho elfu," alisema, akafudikiza kikombe chake kikiwa bado na kahawa. Kitambaa cha meza kiliharibika, msimamo ukabaki.

Sasa, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, kwa miaka ishirini na sita, Delmar alizungumza na Gus Penney, mwalimu mstaafu wa hesabu huko Newfoundland. Hawakuwahi kuonana. Gus naye alikuwa mtu wa wati tano, na kwa nguvu ndogo hivyo hupotezi herufi: baridi kiasi gani, nakusikia vipi, kwaheri, wiki ijayo. Chumbani kwa Delmar kulitundikwa cheti cha chama kilichowatambua wawili hao kuwa marafiki wa muda mrefu kuliko wote kwa nguvu ndogo kuliko zote.

Majira ya baridi yale mambo yaliharibika. Jua lenyewe lilipoa, kama linavyofanya kila baada ya miaka kumi na kitu, na mawimbi yakawa yanapotelea angani badala ya kurudi chini. Isitoshe, masikio ya Gus yalikuwa na miaka themanini na minne. Delmar alimsikia Gus akimwita, akamjibu mpaka kidole kikauma, na Gus akaendelea kuita kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Jumamosi mbili zikapita hivyo. Ya tatu, Gus aligonga polepole: "Del, rafiki. Kama umetutoka, pumzika kwa amani. Hakuna aliyekuwa na mkono safi kama wako."

"Niko hai, kiziwi wewe!" Delmar aliifokea redio.

Arlys alishuka ngazi mbio, mikono ina unga. "Nani kafa?"

"Mimi."

"Mpigie simu mwenzio umwambie hujafa."

"Simu? Miaka ishirini na sita, halafu nimpigie simu kama watu wa bima?"

"Basi nunua lile sanduku la kuongeza nguvu. Amplifaya."

"Usilitaje humu ndani, mke wangu."

"Nalitaja! Mzee wa watu anakulilia, na wewe unahesabu wati. Sikiliza, Delmar. Jumamosi ijayo atakuita mara moja ya mwisho, na hatakuita tena. Hapo utakuwa umekufa kweli kwake, na uliyejizika ni wewe."

Delmar hakula chakula cha mchana siku hiyo. Siku ya Jumatano aliendesha gari saa mbili nzima hadi mahali asipojulikana, amevaa kofia isiyo na nembo ya chama, akarudi na amplifaya ya mitumba yenye uzito wa nguruwe mdogo. Aliiunga kati ya redio yake na antena. Zinaingia wati tano upande huu, zinatoka mia sita upande ule. "Kwa hiyo redio yangu bado inatoa wati tano zilezile," alimweleza Arlys. Arlys aliendelea kumenya viazi.

Jumamosi, saa tatu kasoro dakika mbili, kanisa la Kilutheri ng'ambo ya barabara lilikuwa limefunguliwa. Kulikuwa na mazishi saa tano. Akina mama walikuwa wakipanga sahani, na juu ya ngazi, akitengeneza spika, alikuwa Verlyn Stuhr, mstaafu wa posta na mwenyekiti wa chama cha wati tano. Ghafla spika zikanasa mawimbi makali kutoka ng'ambo, zikaanza kugonga. Akina mama wakadhani ni panya. Lakini Verlyn alijifunza Morse akiwa jeshi la majini, na zaidi ya hapo, mkono wa mtu kwenye kibonyezo hujulikana kama mwendo wake njiani. Alisoma herufi moja moja: "Gus, niko hai. Gus, niko hai." Akashuka ngazi na bisibisi mkononi, akavuka barabara bila koti.

"Karibu kahawa, Verlyn," alisema Arlys mlangoni.

"Yuko wapi?"

"Chini. Pangusa viatu kwanza."

Chini, Delmar alikuwa akipangusa macho. Redio ilikuwa inamjibu kwa sauti: "Del! Unasikika kana kwamba umekaa jikoni kwangu!" Aliposikia hatua, aligeuka, akamwona mwenyekiti, akanyakua blanketi kitini na kuifunika amplifaya, kama mtu aliyefumaniwa anaoga.

"Namba kumi na nne," alisema Verlyn.

"Verlyn, ngoja nikueleze."

"Kumi na nne! Baada ya yale uliyomfanyia Norbert!"

Redio ikagonga tena. Wote wawili walinyamaza, maana wote wawili walikuwa wanasoma: "Del, bado wati tano?"

Delmar aliweka kidole kwenye kibonyezo, kisha akakiondoa. Akisema ndiyo, Gus angefurahi, na aibu ingebaki humu chumbani. Akisema hapana, huenda huyu mzee, aliyemwamini miaka yote hiyo, asingemwita tena.

"Mjibu," alisema Verlyn. "Nasikiliza."

Delmar akagonga: "Hapana. Mia sita. Nisamehe."

Redio ilikwaruza. Halafu: "Ashukuriwe Mungu! Mimi mia nane. Mwaka wa kumi na moja huu."

Verlyn alikalia ndoo ya rangi.

"Mwongo mkubwa!" Delmar alipaza sauti. "Nimemtolea hotuba mkahawani! Nimemtundikia cheti!"

"Cheti nilikisaini mimi," Verlyn alisema kwa unyonge.

Gus alikuwa hajamaliza. "Niliona haya kukuambia. Nikawa nasema machache ili usinishtukie." Mkono ukapunguza mwendo. "Del, Marguerite alifariki Machi mwaka juzi."

Marguerite alikuwa mke wa Gus. Kila Jumamosi tangu Machi hiyo Delmar alikuwa amemtumia salamu, na kila Jumamosi Gus alijibu, asante, nitamfikishia.  Huzuni ilimjaa Delmar mpaka hakujua aanze na herufi gani. Mwishowe akagonga: "Nieleze. Nieleze yote, nina siku nzima."

Gus akaanza tangu siku alipokutana na Marguerite dansini. Verlyn alipaza sauti kuelekea juu ngazini, "Arlys, mama, hebu kawaambie wachomoe spika za kanisa," kisha akanyoosha mkono, akaondoa blanketi juu ya amplifaya. "Inataka hewa hii," alimnong'oneza Delmar. "Ikiungua, utamkatisha." Akalikunja blanketi mapajani, wakakaa kusikiliza.