Mguu wa Mama Mkwe

Daktari wetu wa upasuaji pale Embu alikuwa na maoni makali kuhusu mishipa ya damu. Ile inayotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini aliipenda. Ikikatwa damu inaruka, kila mtu chumbani anajua la kufanya, na yeye mwenyewe anachangamka kama mtu aliyeitwa mezani. Ile inayorudisha damu moyoni aliiona ya kivivu. Inavimba na kujipinda kwenye miguu ya wanawake, inaichelewesha damu vifundoni, ngozi inageuka nyeusi, inapasuka, halafu kidonda kinakaa hapo miaka na miaka. Alikuwa amejifunza kushona mishipa vitani. Serikali ilipomleta kuhudumia Embu na Meru wakati wa Hali ya Hatari, alitarajia majeraha ya risasi. Majeraha yalikuja, lakini waliopanga foleni mlangoni kila asubuhi walikuwa kina mama wenye mishipa ya kivivu.

Mimi nilikuwa dresa wake, yaani mfunga vidonda, na pia mkalimani. Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwenye shamba la jamaa yake huko Nanyuki, na kilikuwa cha kutoa amri tu. Kwa hiyo nilikitafsiri kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiembu.

Bendeji ya mishipa si kitambaa cha kufunika kidonda. Inaanzia kwenye vidole vya mguu na kupanda hadi chini ya goti, imekaza zaidi huku chini na kulegea kadiri inavyopanda, na hufungwa asubuhi kabla mgonjwa hajakanyaga sakafu. Ukikosea ukaikaza juu, umeipatia damu mahali pa kutuama. Daktari alinifundisha kwa mguu wake mwenyewe, akinitukana kwa upole, mpaka akaridhika. Baada ya hapo hakumruhusu mtu mwingine yeyote kufunga mguu hospitalini.

Kila mgonjwa aliyefungwa aliambiwa aende nyumbani akapumzike, miguu juu ya kiti. Nililitafsiri agizo hilo kwa uaminifu, na kina mama walikuwa wakinitazama kwa huruma. Nyumbani kwao siku hizo ni vile vijiji vipya vya serikali, nyumba zimebanana, mti mmoja wa kivuli hakuna, na filimbi inapigwa alfajiri ili watu watoke kuchimba handaki kando ya msitu, la kuwazuia wapiganaji waliojificha humo. Serikali moja ilikuwa imemwambia mama alale miguu juu na kumwambia huyo huyo asimame kutwa na jembe. Sikuona mahali pa kupeleka malalamiko.

Ndipo akaja mama mkwe wangu.

Lazima nieleze kidogo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono. Wakikutana njiani, mmoja wao hupata sababu ya kuingia shambani. Atakupikia mpaka ushindwe kuinuka, maana mkwe kutoka kwake na njaa ni aibu, lakini chakula kitaletwa na mtu mwingine. Kama ana neno kwako, litapitia kwa binti yake. Kumwona mguu juu ya kifundo, hata kwa bahati mbaya, ni jambo la kuchinjiwa mbuzi. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka kadhaa, na sehemu ya mama huyo niliyoifahamu vizuri ni mgongo. Ningeutambua popote.

Alhamisi hiyo mke wangu alimleta mpaka kwenye benchi la wagonjwa. Niliuona mgongo, nikaingia stoo. Daktari akanifuata.

"Wewe nafanya nini hapa? Iko guu mingi nje."

"Daktari, yule wa mwisho ni mama wa mke wangu."

"Mzuri sana," akasema. "Wewe funga yeye mzuri zaidi."

Nilimweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea, kisha akafikiri.

"Mimi pia na heshima," akasema. "Mama ya bibi yangu iko Ulaya. Mimi iko hapa."

Tulitundika shuka kwenye kamba katikati ya chumba. Mama mkwe alikaa upande wake, akapitisha mguu chini ya shuka mpaka chini tu ya goti, wala si zaidi, na mimi nikaufunga nikiwa upande wangu. Mguu nilioufunga haukuwa na mwenyewe. Mke wangu alikaa kwenye ncha ya shuka, mahali pa kutuona sote wawili.

"Mwambie ausogeze mguu kidogo," nikamwambia mke wangu.

"Mama, anasema usogeze mguu."

"Mwambie huyo mfanyakazi mikono yake ni baridi."

"Anasema mikono yako ni baridi."

"Nimesikia."

"Hujasikia," akasema mke wangu. "Nimekuambia mimi."

Tuliendelea hivyo kila Alhamisi. Nilimjua mama mkwe kupitia kisigino chake, ambacho kilikuwa na nyufa za udongo mwekundu usiotoka hata kwa sabuni ya hospitali, na nikaanza kumpenda. Sijui kama hilo linaruhusiwa. Kidonda kilikuwa upande wa ndani wa kifundo, kipana kama kiganja cha mtoto, na kwa bendeji nzuri kingefunga.

Shida ilikuwa langoni mwa kijiji chao, juu kule kuelekea Kianjokoma. Homugadi, yaani askari wa mgambo wa serikali, waliolinda lango walijua kwamba watu wa msitu hupigwa risasi na hufungwa bendeji, hivyo kila bendeji ilikuwa na maelezo ya kutoa.

"Fungua hii kitu," homugadi alimwambia mama mkwe.

"Ni kidonda, baba."

"Kidonda gani? Ya risasi?"

Mwanamke wa umri wake, mwenye wajukuu, alikuwa anaulizwa kama amepigwa risasi msituni. Aliifungua. Homugadi akakitazama kidonda, akakunja pua, akamrudishia bendeji ikiwa imeviringishwa pamoja na vumbi lake. Kesho yake filimbi ikilia hana muda wa kuanzia vidoleni. Anaizungusha mara chache na kuikaza chini ya goti, kama unavyofunga mzigo, ili isianguke akichimba. Alhamisi inayofuata mguu unakuja umevimba. Nilifunga na wao wakafungua, na nilikasirika kwa namna ambayo mtu wa kazi yangu, wakati ule, hakuwa na mahali pa kuionyesha. Niliionyesha kwa kumfunga vizuri zaidi.

Siku moja daktari aliinama upande wangu wa shuka na kutazama mshipa uliopita juu ya kidonda. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na rangi yake ya zambarau ilionekana wazi.

"Hii napasuka," akasema. "Leo, kesho, sijui. Mimi nataka kukata."

Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi. Unapasua kidogo kwenye kinena, unaufunga mshipa mkubwa mahali unapoingia ndani, halafu unauvuta wote utoke kama uzi kwenye pindo. Lakini kwanza mgonjwa anasimama mbele ya daktari na msaidizi bila nguo ya chini, na mishipa inachorwa kwa dawa ya rangi kutoka pajani hadi chini, kwa sababu akilala inajificha. Msaidizi nilikuwa mimi. Wenzangu wawili walikuwa wamechukuliwa kuhojiwa na hawakuwa wamerudi, na hakuna aliyekuwa akiuliza watarudi lini.

Mke wangu aliyapeleka maneno hayo upande wa pili wa shuka kwa sauti ya chini. Mguu ulivutwa ndani polepole, kisha mgongo ukatoka mlangoni.

Nyumbani mke wangu aliweka sufuria chini kwa kishindo.

"Mama atakufa kwa sababu ya heshima yako."

"Heshima ni yake."

"Ni yenu wawili. Mmeishika kila mtu upande wake na hakuna anayeachilia."

Alilia, na alikuwa amesema kweli. Nilimpa yale ambayo daktari alikuwa amesisitiza: mshipa ukipasuka, mama alale chini papo hapo, mguu uinuliwe juu kuliko moyo, na mtu abonyeze kwa kidole penye tundu. Asifunge kitu juu ya hapo, upande wa goti, kwa sababu damu hii haishuki kutoka juu, inatafuta njia ya kupanda. Akifanya hivyo, hata mtoto anaweza kuizuia. Asipofanya hivyo, mama anaweza kuishiwa damu akiwa amesimama, bila maumivu, akidhani amekanyaga maji. Mke wangu alimfikishia yote. Mama mkwe alijibu "haya", kama anavyowajibu watoto wanaomsumbua.

Ilitokea asubuhi ya kawaida. Nilikuwa nimepanda gari la hospitali kupeleka dawa kwenye zahanati ya Kianjokoma, na barabara ilipita kando ya handaki. Wanawake walikuwa ndani yake wakichimba. Mahali fulani mstari ulikuwa umekatika, na wachache wamekusanyika ukingoni. Dereva akapunguza mwendo kwa sababu homugadi alikuwa amesimama katikati ya barabara na bunduki yake, akitafuta mtu wa kumwamuru. Nikauona mgongo.

Walikuwa wamemkalisha kwenye ukingo wa handaki, miguu ikining'inia ndani. Mmoja wao alikuwa amechukua mukwa, ule ukanda wa ngozi tunaobebea kuni kwa paji la uso, na kuukaza chini ya goti lake kwa nguvu zote. Walikuwa wameona wanaume waliokatwa kwa panga wakifungwa hivyo na kupona, na kwa damu ile nyingine wangekuwa sahihi. Kwa hii walikuwa wameifungia njia ya kurudi, nayo ikawa inatoka penye tundu, haina haraka, inateleza kwenye kisigino ninachokijua na kudondoka kwenye udongo uliochimbwa. Ilikuwa nyingi sana.

Aliniona. Jambo la kwanza alilofanya, na midomo yake imeshakuwa ya kijivu, ni kuvuta nguo akafunika mguu. Nami nikasimama. Nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa najua la kufanya kuliko mtu yeyote pale, na miguu yangu ikasimama yenyewe, kwa malezi.

"Si wewe ni wa hospitali?" akaniuliza mwanamke aliyeshika ukanda.

"Ni mkwe wangu," nikasema.

Wote wakaelewa mara moja, na hilo halikutusaidia. Homugadi pekee ndiye hakuelewa.

"Wewe guza yeye!" akasema. "Ama iko nini?"

Nilivua koti langu jeupe, nikampa yule mwanamke, nikamwomba amfunike mama kichwa. Akamfunika mpaka kifuani. Sasa pale palikuwa na mguu tu, kama Alhamisi. Nikafungua ukanda, nikamlaza chali kwenye nyasi, nikauinua mguu mpaka kisigino kikakaa begani kwangu, goti na zaidi ya goti vikiwa wazi mbele ya macho yangu, na nikaweka kidole gumba penye tundu. Damu ikapungua, lakini haikukoma. Nikabonyeza. Wanawake wakatugeuzia migongo na kutuzunguka, bila kuambiwa na mtu, na homugadi akabaki nje ya mduara akiuliza kazi itaendelea saa ngapi.

Niliogopa. Mguu ulikuwa baridi, na chini ya koti hapakuwa na sauti. Niliwaza nitamwambia nini mke wangu, na kwamba nitalazimika kumwambia mwenyewe, bila mtu wa kupitishia. Nikaomba kwa Mungu kwa maneno ya aibu, ya mtu asiyeomba mara kwa mara.

Kisha koti likasogea kidogo.

"Huyo anayeshika mguu," sauti ikasema kutoka chini yake, ndogo lakini ya ukali ule ule, "amekula?"

Wanawake wakatazamana, kila mmoja akingoja mwingine anifikishie. Mke wangu hakuwepo.

"Sijala, mama," nikasema.

"Uji wangu uko pale penye jembe. Mpeni."

Mikono yangu yote ilikuwa na kazi, kwa hiyo yule mwanamke wa ukanda alileta kibuyu na kukiweka mdomoni kwangu kama ninavyowanywesha wagonjwa. Ulikuwa uji mchachu, baridi, chakula chake cha siku nzima ya kuchimba. Nilijaribu kuukataa kwa kichwa. Kibuyu hakikuondoka. Nikanywa, machozi yakiingia humo humo, mkwe mzima na damu mpaka kwenye viwiko, na nikaumaliza. Nilipotazama tena chini ya kidole changu, palikuwa pakavu.

Nilimfunga kwa bendeji kutoka garini, kuanzia vidoleni, sikukosea hata mzunguko mmoja. Dereva akaleta gari karibu. Homugadi alitaka kujua kama bendeji hiyo itafunguliwa langoni, na wanawake wakamtazama mpaka akaenda kutazama handaki.

Tulipokuwa tukimwinua, mama mkwe alilishika koti lisianguke usoni pake.

"Mwambie daktari wako nitakuja anikate," akasema. "Wewe ukae nje."

Nikasema ndiyo, mama. Hakuwa amelipitisha neno hilo kwa mtu mwingine yeyote, alikuwa ameniambia mimi, na njia nzima mpaka Embu nilikaa nyuma ya gari nimeinua mguu wake, nikitamani sana aniambie jingine.