Kioo Kilichokaguliwa kwa Chupa ya Asali

Gemu la mpira sikuanza kulicheza jana. Nilianza chuoni, nikaendelea nilipoolewa, nikaendelea na mimba ya miezi minane, kibodi ikiwa juu ya tumbo na mtoto akipiga mateke kila ninapokosa bao. Sasa nina duka la steshenari Mpanda mjini. Mchana nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti na kutengeneza lebo za bidhaa. Jioni narudisha mlango nusu, nakaa na fundi simu wa mlango wa pili, tunapigana magoli mpaka mmoja anune. Wengine wana umbea, wengine wana pombe, mimi nina hilo.

Shida ilikuwa monita yangu. Ilianza na mstari mmoja wa kijani pembeni, nikausamehe. Baadaye ikawa inaonyesha kila kitu kama kimemwagiwa chai. Kwenye gemu mpira ukienda kasi unaacha mkia, kwa hiyo nikawa nafungwa mabao ambayo sikuyaona hata yakipigwa. Siku moja fundi simu alinifunga saba bila, halafu akaniletea soda ya kunipa pole. Nikainywa, lakini nilikereka kweli.

Ningevumilia kama ingekuwa gemu peke yake. Lakini wateja wangu wakubwa ni kikundi cha wafuga nyuki wa Inyonga, na lebo zao zote natengeneza mimi. Nilikuwa nimewapa mzigo wa lebo zenye picha ya asali, na kwenye kioo changu asali ile ilikuwa inang'aa kama pete ya harusi. Kwenye karatasi ilitoka kama oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye trekta. Mnunuzi mmoja aliuliza kama hiyo ni dawa ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Katibu wa kikundi akanipigia simu, hata salamu hakunipa.

"Dada, tafuta kioo kingine," alisema. "Na kabla hujakichukua, mama yako akikague rangi. Akisema ziko sawa, kazi ni yako. Akikataa, lebo zetu tunapeleka Tabora."

Jamani, Tabora! Kazi ile ikiondoka, dukani kwangu panabaki kopi za vitambulisho na barua za kuomba kazi za watu ambao hawatajibiwa. Nilijua kabisa kwamba bila Inyonga ningefunga milango kabla ya Pasaka.

Na kwa nini mama yangu? Kwa sababu Mama, huko kwetu Inyonga, ni jicho la watu. Miaka mingi aligredi tumbaku, yaani kutenga majani kwa rangi na ubora kabla hayajafungwa mitumba. Lile la limau huku, la chungwa kule, lililoungua pembeni. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuchomeka majani mawili mabaya katikati ya fungu zuri, kwa uvivu tu, nimalize nikacheze. Mama alikuwa anapiga soga na jirani. Hakukatiza hata neno. Alinyoosha mkono, akayachomoa yote mawili, akaniwekea mapajani. Kikundi cha asali kilipoanza kikampa kazi ya kupitisha rangi ya asali kabla ya kufungashwa, na akishasema, hakuna wa kubisha.

Mimi nilikuwa nimeshachagua monita yangu zamani, kabla hata ya simu ya katibu. Ilikuwa dirishani kwenye duka la vifaa karibu na soko. Kubwa, imepinda ikukumbatie, na nyuma ina taa nyekundu. Inabadilisha picha mara mia moja arobaini na nne kwa sekunde moja. Hizo ndizo wanaita hezi. Yaani mpira ukipigwa, unauona hadi unavyozunguka. Haki ya Mungu, nilikuwa napita pale kuisalimia.

Pembeni yake palikuwa na nyingine bapa, nyeusi, hezi sitini, aina ile unayoikuta juu ya meza ya karani akikwambia urudi kesho. Haina taa, haina lolote. Ila nilijua, kwa kazi yangu ya picha, kwamba ile bapa rangi zake ni za kweli, na ile iliyopinda inatia sukari kila kitu. Nilijua vizuri sana. Nikajiambia nitakuwa narekebisha rangi kwa kukisia, nimezoea. Mtu akitaka kitu hakosi la kujiambia. Kilichobaki ni Mama kuipitisha.

Akaja na basi la asubuhi. Mkononi alikuwa na chupa ya asali, ameiviringisha kwenye khanga kama mtoto mchanga. Tukaenda moja kwa moja dukani.

"Shikamoo, mama," alisema mwenye duka, mzee kijana mwenye kofia ya kufuma na subira nyingi.

"Marahaba, baba. Vitoe nje hivyo vioo."

"Nje?"

"Rangi haiangaliwi chini ya taa. Taa ina uongo wake. Tumbaku tulikuwa tunaigredi barazani, penye mwanga lakini jua halifiki. Vitoe."

Mwenye duka alinitazama aone kama ni utani. Nikainua mabega. Akavuta ekstensheni mpaka barazani, akaweka meza, akapanga monita zote mbili juu yake. Mama akaisimamisha chupa ya asali katikati. Nikachomeka flashi na kufungua picha ya chupa ile ile, niliyoipiga mwenyewe.

Weeh! Ukweli ulikuwa wazi mno. Kwenye ile bapa, asali ilikuwa asali. Ungeweza kuchovya mkate. Kwenye ile mpenzi wangu iliyopinda, asali ilikuwa nyekundu kama mawese yaliyotoka Katumba asubuhi hiyo. Hata mwenye duka, ambaye anatafuta riziki yake, alikohoa akaangalia barabarani.

Nikaona nimekwisha. Bahati, wakati ule ule dereva wa bodaboda akaegesha pikipiki yake mbele ya baraza akatukingia mwanga. Mama akamgeukia.

"We kijana, hapo ndipo ulipoonyeshwa na serikali usimame?"

"Mama, nasubiri abiria tu."

"Msubirie kivulini kwako. Hiki ni changu."

Wakaendelea kubishana. Na mimi, mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, mwenye duka lenye leseni, nikapitisha kidole chini ya ile monita bapa, nikatafuta kitufe cha rangi, nikaiburuta hadi kijani. Asali ikawa maji ya bwawa la perege. Mwenye duka aliona kila kitu. Nikamkonyeza. "Astaghfirullah," alinong'ona.

Niseme kweli, nilikuwa nasubiri kukamatwa. Mchezo huu ni wetu tangu utoto: mimi nachomeka jani bovu, yeye analichomoa, ananisema wiki nzima, tunacheka mwaka mzima. Nilikuwa nimeshaanza kuuma midomo nisicheke kabla ya wakati.

Mama akamalizana na bodaboda, akarudi mezani. Akainama mbele ya iliyopinda, akakaribia mpaka pua ikawa inagusa kioo. Akahamia kwenye bapa. Akatazama chupa. Akarudi kwenye iliyopinda. Akaweka kiganja chote juu ya kioo.

"Mama, samahani, usikiguse," alisema mwenye duka.

Mama akanyooka, akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Zote sawa," akasema. "Chukua unayoipenda."

Nikacheka. Nilidhani na yeye ananichezea, kwamba safari hii ameamua kunichoma kwa upande mwingine. Nikasubiri aendelee.

"Zote sawa, Mama?"

"Umeziba masikio? Rangi ni moja. Mwambie baba huyu akufungie, nikawahi basi."

Moja ilikuwa mawese, nyingine ilikuwa bwawa, na chupa ya asali ilikuwa imesimama katikati yao mchana kweupe. Nimeshinda, nikawaza. Monita ni yangu, kazi ya Inyonga ni yangu, hezi zote mia moja arobaini na nne ni zangu. Niliogopa vile sijaogopa siku nyingi.

"Mama," nikasema polepole, "hii chupa ina rangi gani?"

"Ya asali."

"Asali gani? Ya chungwa, au nyeusi ya masika?"

"Unanipa mtihani mbele za watu?"

Alisema kwa ukali, lakini macho yake yalikuwa yanatazama kidogo pembeni ya uso wangu. Nilikuwa na mama huyu tangu saa tatu asubuhi na sikuwa nimeliona hilo. Mwenye duka, Mungu ambariki, alisema anakwenda kutuletea maji ya kunywa, ambayo hakuna aliyeyaomba, akatokomea ndani.

Mama akakaa juu ya boksi la monita. Akawa anazungusha kifuniko cha chupa.

"Tangu mvua zilizopita," akasema. "Kama kuna mtu amepuliza pumzi kwenye dirisha na hataki kulifuta. Watu nawaona. Rangi ndiyo imeondoka."

"Na tumbaku? Si umegredi msimu huu huu?"

"Tumbaku unaishika. Jani zuri vidole vinalijua, lina mafuta yake. Asali naonja. Wao wanadhani naitazama chupa, kumbe nimeshalamba kidole." Akacheka kidogo, kwa kiburi kabisa, mtu aliyewazunguka wanakikundi wote kwa msimu mzima. Halafu akaonyesha meza. "Sasa hiki chako, mwanangu, hakishikiki wala hakilambiki. Nimekigusa, ni baridi tu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikajikuta nafanya vyote viwili hadharani, bodaboda yule akitukodolea macho. Nikamwambia tunakwenda hospitali leo leo, kwamba huenda ni mtoto wa jicho, watu wanatolewa na wanaona. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia, ungewaambia. Na mimi pale Inyonga nikiacha kuwa jicho la watu ninabaki na nini? Bibi wa kusukwa nywele?" Akasimama. "Hospitali tutakwenda, sijakataa. Ila kwanza tumalize hili. Wananisubiri nijibu. Wewe una macho. Niambie, ipi?"

Ile iliyopinda ilikuwa inawaka taa zake nyekundu kwa nyuma, nzuri ajabu, nayo ilikuwa yangu kwa neno moja tu. Hakuna ambaye angejua. Mwenye duka angeuza vyovyote. Mama angepanda basi, na mimi jioni ile ningemfunga fundi simu mpaka aombe radhi kwa lugha ya kwao.

Nikapitisha kidole chini ya ile bapa, nikarudisha rangi ilivyokuwa. Kijani kikaondoka. Asali ikarudi, sawasawa na iliyo kwenye chupa, na Mama alikuwa anaiangalia wakati inabadilika na hakuona kitu.

"Ile bapa, Mama."

"Na hiyo nyingine?"

"Inadanganya. Asali inaifanya mawese."

"Na ndiyo ulikuwa unaitaka."

"Naitaka mpaka sasa," nikasema.

Mama akatoa simu kwenye pindo la khanga, akanipa nimtafutie namba ya katibu. Ilipoita, akainyakua. Akajikohoza, akasimama wima pale barazani, mkono mmoja juu ya monita.

"Nimekagua," alimwambia. "Nimeweka chupa kivulini, nimelinganisha. Kuna moja ya kupinda, hiyo ni ya uongo, inaonyesha mawese. Tunachukua ya bapa. Rangi nimeiona mwenyewe kwa macho yangu, andikeni hivyo."

Hakuniuliza hata mara moja kama nina uhakika.