Mkia wa Kondoo na Moyo wa Baba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo uzee umeshindwa kuninyang'anya. Majina yenu wajukuu yananichanganya, na mama yako nimemwita kwa jina la dada yake mara nyingi mpaka amechoka kunisahihisha, lakini siku hiyo ninayo yote. Mwingereza alikuwa bado anatawala. Mimi nilikuwa msichana wa kutumwa maji, na tulikuwa tunarudi nyumbani na baba yangu kutoka mnadani Ilongero. Njia yetu ilipanda kidogo katikati ya majabali. Si mlima, hata mbuzi mwenye mimba hupita pale bila kupumzika. Baba akasimama. Akaweka kiganja katikati ya kifua, akakunja uso, jasho likamtoka ingawa jua lilikuwa limeshapoa. Nikamwuliza ana nini.

"Kiungulia tu," akasema. "Usimwambie mama yako."

Nilimwambia mama kabla hata sijatua mzigo. Sikuwa mtoto wa kutunza siri, na kama unavyoniona sijabadilika.

Ngoja kwanza nikueleze baba alikuwa mtu gani, maana wewe humjui hata kwa picha. Aliitwa Ntandu, mchuuzi wa ng'ombe. Ujanani yeye na mdogo wake, baba yangu mdogo Sungi, walikuwa wakinunua ng'ombe huku kwetu na kuwaswaga kwa miguu hadi Manyoni kwenye reli. Walilala porini, wakala ugali wa uwele kwa mlenda na maziwa mgando, na walirudi wembamba wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, lakini wakicheka. Kisha biashara ikakubali. Baba akaacha kuswaga. Ng'ombe wakawa wanakwenda na Sungi na vijana wake, yeye anatangulia kwa lori, amekaa mbele na dereva. Kule Manyoni alijifunza sigara. Alianza na moja ya kunogeshea mazungumzo, akaishia kuwasha mpya kwa kipisi cha ile inayokwisha. Nyama ikawa chakula cha kila siku, na chumvi ya ziwani, ambayo zamani tuliionja kwa kubembeleza, ikawa inamiminwa kwa kiganja.

Akanenepa. Nisikudanganye, mwanangu, tulilishangilia lile tumbo. Mwanamume mwenye tumbo katika nchi ya njaa ni furaha ya ukoo mzima. Shangazi zangu walikuwa wakija wanalipigapiga na kusema sasa kaka yetu amekuwa mtu.

Na kwetu, kondoo akichinjwa, ule mkia wake mnene wa mafuta ni wa mkubwa wa mji, yaani boma. Haugawanywi. Unachomwa, unaletwa mbele yake, naye anaula watu wakimtazama. Baba alipopata mali, akawa ndiye mkubwa wa kila mji alioingia. Akienda msibani, mkia. Akienda kusuluhisha ugomvi wa mpaka, mkia.

Sasa sikia kosa letu, maana sidhani kama lingefanywa na watu wengine. Wazee wetu waliamini kwamba kifua kikibana ukitembea, ni kwamba kimekauka ndani. Na kifua kilichokauka dawa yake ni kukilainisha. Kwa hiyo nilipomwambia mama habari ya pale majabalini, hakuchelewa. Aliyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo katika chungu kidogo, akatia chumvi ili yanyweke, na kila asubuhi akawa anampa baba bakuli lake kabla ya kitu kingine chochote. Alikuwa anampigia magoti kumpa. Yale magoti nayaona mpaka leo.

Baba alikunywa, na kifua kiliendelea kubana. Mama akaongeza bakuli.

Siku moja akaanguka mnadani. Dereva wa lori alimchukua moja kwa moja mpaka hospitali ya misheni, na alipokaa huko siku kadhaa tulidhani tumeshampoteza. Alirudi jioni moja. Nilikuwa nasaga uwele kwenye jiwe alipomsogelea mama upande wa pili wa tembe na kumweleza, na mimi nikasaga polepole ili nisikie.

Alisema daktari alimfunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatikisa kichwa. Alisema damu yake inapita kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, na mishipa inayolisha moyo imeziba kwa mafuta na moshi, ndiyo maana moyo unalia kila akipanda. Tena alimwuliza baba yake alikufaje. Babu yetu alidondoka zizini, mtu mzima wa nguvu, na jirani mmoja alituhumiwa kumloga, akaapishwa kwa kifo hicho. Daktari akasema mioyo ya namna hiyo hurithiwa, kwa hiyo yeye anatakiwa awe mwangalifu kuliko wenzake. Aache sigara kabisa. Apunguze chumvi, aache mafuta ya mnyama, apunguze mwili, na arudi kutembea, kidogo kidogo, asijiumize.

"Na yale ninayokupa asubuhi?" mama akauliza.

Mama akainuka, akachukua kile chungu, akakimwaga nyuma ya zizi. Nilimsikia analia kule nyuma, na kilio chake kilikuwa cha mtu aliyegundua kosa la mkono wake mwenyewe.

Ukaja wakati mzuri. Mfupi, lakini ulikuwepo, na ninakutajia ili usifikiri kwamba ilikuwa imeshindikana. Mama alimpikia mlenda, kunde na mboga za porini. Asubuhi baba alitembea nami hadi kisimani na kurudi, kwanza akipumzika njiani, baadaye bila kupumzika. Sigara alizipunguza sana, ingawa moja moja alikwenda kuivutia nyuma ya ghala akidhani hatuoni moshi. Mkanda wa suruali ukarudi tundu la nyuma. Hakika baba yangu alikuwa anapona.

Ila hakumwambia mtu. Hata Sungi, aliyelala naye porini na kunywa naye kibuyu kimoja, hakumwambia. Aliona haya. Alidhani watu wakijua moyo wake ni mgonjwa, watamwona amekwisha, na hakuna atakayemwamini na ng'ombe wake. Akamkataza mama kusema, na safari hii akanikataza na mimi kwa ukali ambao sikuuzoea.

Kisha Sungi akamwoza kijana wake wa kwanza. Watu walijaa uani toka mchana, ngoma inapigwa, kondoo wamechinjwa. Wakati wa kula ulipofika, baba mdogo mwenyewe alibeba sinia, akapita katikati ya watu wote, akamwinamia kaka yake kwa mikono miwili.

"Kaka, bila wewe nisingekuwa na mji. Mkia huu ni wako."

Mkia ulikuwa unatiririka mafuta. Mama alikuwa ng'ambo ya pili kwa wanawake, nami nilikuwa pembeni yake. Nilimwona anaanza kuinuka, kisha anakaa. Mke kusimama mbele ya hadhara na kumzuia mumewe heshima yake, tena katika mji wa shemeji, hilo halikuwahi kuonekana. Baba alitazama nyama, akamtazama mdogo wake aliyekuwa bado ameinama. Neno moja tu lingetosha. Akala. Watu wakapiga vigelegele, na rafiki zake wa Manyoni wakampokeza sigara.

Usifikiri ule mkia mmoja ndio uliomwua. Moyo hauchoki kwa siku moja. Ni miaka ya mikia na moshi na kukaa mbele ya lori. Lakini alasiri ile kifua kilimkaba kwa namna nyingine. Baadaye mzee aliyekaa naye alisimulia kwamba baba alikuwa anajikanda mkono wa kushoto na taya, jasho linamtoka, anataka kutapika, na alipoulizwa alisema ameshiba kupita kiasi. Lori lililomleta lilikuwa limeegeshwa pale pale chini ya ukuta. Dereva alikuwepo. Hospitali alikuwa anaijua. Lakini aliona kuondoka katikati ya sherehe ya mdogo wake kutaleta mkosi, akabaki kwenye kiti akitabasamu. Jua lilipokuwa linazama akateleza kutoka kwenye kiti hicho, na hatukumwinua tena akiwa hai.

Nilikuwa namwita, mwanangu. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka.

Kabla hata ya mazishi, maneno yakaanza kwamba ameuawa. Nani alimpa nyama? Sungi. Nani atabaki na biashara? Sungi. Watu waliokuwa wamecheza ngoma kwake jana yake wakambomolea zizi, na kabla ya giza alikuwa ameshaondoka na mkewe na wanawe, hata bi harusi mgeni, bila kulitupia kaburi la kaka yake konzi ya udongo. Wazee walipokaa baada ya matanga kuthibitisha kufukuzwa kwake, mama aliomba kusema. Alikuwa amefunikwa kaniki yake, amekonda kwa siku chache tu.

"Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa moyo," akawaambia. "Daktari alimwambia, na mimi nilijua. Sungi hana kosa."

Wakamwambia mjane ana uchungu, akapumzike. Hakuna aliyemwuliza neno la pili. Salamu alizomtumia shemeji yake kupitia wasafiri hazikurudi na jibu. Akaishi miaka mingi akiwa na jambo hilo rohoni, na alipokuwa anakaribia kufa alinishika mkono, akaniambia nikamtafute Sungi.

Nilimkuta Ulemo, upande wa Iramba. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari na watoto. Alikuwa mzee mwembamba, anapalilia mtama wake, na alinitambua kabla sijajitaja. Nilimpigia goti, "Shikamoo, baba mdogo." Aliitikia marahaba. Alikaa chini juu ya tuta, akauliza jambo moja tu.

"Asha, mama yako naye aliamini nilimwua kaka?"

Nikamwambia mama alisimama mbele ya wazee wote akamtetea, na kwamba baba alikuwa mgonjwa, akawaficha watu. Nilimweleza yote, mpaka chungu kilichomwagwa nyuma ya zizi. Mzee yule akalia akiwa ameshika jembe lake. Kilichomliza zaidi hakikuwa zile fitina. "Kwa nini kaka hakuniambia?" alikuwa anarudia. "Mimi ningemletea mlenda kwenye sinia. Ningemletea mlenda, na ningeinama vile vile."

Nilimpokea jembe, nikamalizia kupalilia tuta lile.

Basi wewe unayekwenda dukani kwa bodaboda, na duka unaliona ukiwa kitandani, nisikilize. Sigara iache yote, usinidanganye na habari za moja baada ya chakula, maana nyuma ya ghala nimeshapaona. Chumvi ionje kwanza kabla hujaongeza. Nyama kula, sikukatazi, ila mafuta yake yaondoe, na hizi chipsi zinazoelea kwenye mafuta yaliyochemshwa tangu juzi usizifanye chakula cha kila jioni. Kula mlenda, kula kunde, kula matunda. Tembea mpaka utoke jasho, siku nyingi za wiki. Pombe nayo usiizoee. Tumbo likianza kutangulia mlangoni, usisubiri shangazi waje kulipigapiga. Nenda kapimwe presha na sukari hata kama huumwi popote, kwa kuwa presha haipigi hodi. Baba alikuwa nayo akajiona mzima. Nawe hasa, kwa sababu babu wa mama yako alidondoka kitini na baba yake alidondoka zizini. Damu hiyo unayo, mwambie daktari hivyo hivyo. Ukipewa dawa, imeze hata siku unazojisikia vizuri.

Na kifua kikibana, au mkono, au taya, au pumzi ikikatika na jasho baridi likakutoka, usikae kitini ukitabasamu. Vunja sherehe. Panda gari la kwanza, nenda hospitali saa ile ile, usinywe kitu cha kulainisha. Dada zako waambie kwamba mwanamke wakati mwingine hasikii kifua kabisa, anasikia uchovu wa ajabu na kichefuchefu tu, naye asijisemee ni kazi za nyumbani.

Zaidi ya yote, sema. Mimi mume wangu, alipokutwa na presha, nilimnyima mkia mbele ya ndugu zake wote, nikasimama nikautoa kwenye sinia kwa mkono wangu. Waliniita mchoyo tangu siku hiyo mpaka walipozeeka. Yeye akacheka, akawaambia sababu kwa sauti, na tukazeeka pamoja mpaka akaanza kunikera. Jina la mchoyo nimelivaa na sijalijutia hata siku moja.

Mungu akupe moyo mzima na mdomo usioona haya kuusemea. Akuache utembee kwa miguu yako mpaka kwenye harusi za wajukuu zako, na huko wakikuletea sinia, awepo mdogo wako anayejua cha kuweka ndani yake. Amina, mwanangu.