Jina Lililoitwa Mle Kibandani

Nilisikia. Nimekana jambo hili mbele ya mume wangu, mbele ya dada zake wote, na mara moja mbele ya mchungaji (ambaye hata hakuwa ameniuliza), lakini ukweli ni kwamba siku ile kwenye makumbusho ya Meru mjini niliitwa kwa jina, nikasikia vizuri kabisa, na badala ya kuitika nilitimua mbio nikiburuta mali ya makumbusho.

Tuanze na mama mkwe wangu, kwa sababu bila yeye nisingefika kule. Anaishi Gachoka peke yake tangu baba mkwe afariki, na tangu nyonga yake ianze kumsumbua, mume wangu Njeru amekuwa akimbembeleza aje akae nasi Nchiru. Alikuwa na swali moja tu, na alilirudia kila tulipomtembelea: huku nikiita, jirani anaitika, huko kwenu mkifunga mageti na kwenda kazini, nikianguka nani atanisikia? Mimi ndiye niliyemjibu, huku nachambua ndengu zake kwenye uteo. Nilimwambia, nitakusikia mimi, mami. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeapa.

Basi akakubali kuja kwa majaribio, kama mtu anayepima viatu dukani. Siku ya tatu nikaona tusikae tu tukitazama kuku wa jirani, nikampeleka makumbusho. (Mimi huandika makala za utamaduni. Ndiyo kazi yangu, kuwaambia watu waliosoma wasiogope mambo ya nyanya zao. Niliwahi kuandika makala nzima nikiwacheka watu ambao wakiitwa gizani na mtu wasiyemwona hawaitiki, eti mfu huita mara moja tu, aliye hai ataita tena. Nyanya yangu mwenyewe alinifundisha hivyo, nami nikamcheka kwenye gazeti akiwa amekwisha kuzikwa.)

Makumbusho yenyewe si makubwa. Unaingia chumba cha wanyama waliokaushwa, chui, fisi, ndege wa kila aina wenye macho ya kioo, harufu ya dawa ya nondo inakukaba koo, halafu kwa nyuma kuna kibanda cha kienyeji kilichojengwa ndani kwa ndani, cha matope na nyasi, chenye jiko la mafiga matatu na sanamu za wanawake wawili wamejifunika ngozi za mbuzi. Mbele ya mlango wamefunga kamba kwenye vyuma viwili ili watu wasiingie. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Mama mkwe alikuwa amechoka, nyonga inamuuma, na mle ndani niliona kigoda. Nikainua kamba. Nikamwambia apumzike kidogo, hakuna atakayemwona, nami nikatafute maji ya kunywa. Akaketi kati ya zile sanamu, akajifunika leso kichwani, na nakuambia, nilipogeuka kumtazama mara ya mwisho ilinibidi nifikirie kidogo yupi ni wangu.

Nilikuwa nimefika kwa chui stima ilipopotea.

Chumba kile hakina madirisha. Giza liliingia lote kwa pamoja, na kimya nacho, maana kumbe muda wote kulikuwa na mashine fulani ikinguruma na sasa imenyamaza. Nikasimama. Nikajiambia, wewe ni mtu wa digrii mbili, toa simu, washa tochi. Nikaikumbuka simu ilipo: kwenye gari. Nikaanza kurudi kibandani nikipapasa, mkono ukagusa manyoya, nikauondoa, ukagusa mengine. Nikahisi kamba kwenye kiuno, nikajua nimefika. Na hapo, kutoka gizani mle ndani, mtu akaita.

"Kagendo."

Hilo si jina langu la kitambulisho. Njeru halijui. Ni jina alilonipa nyanya kwa sababu nilikuwa situlii nyumbani, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuliita, kwa hiyo siku tuliyomzika nilijua nimezika na jina. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, ya chini, ya mtu anayekuita uje umsaidie kushika kitu. Haikuita tena. Au pengine iliita, lakini mimi sikungoja kujua.

Nilikimbia. Na nilipokimbia nikasikia kinanifuata, chuma kwa sakafu, kang'a kang'a kang'a, na kila nilipoongeza mwendo nacho kikaongeza (ile kamba ilikuwa imenasa kwenye mkoba wangu, pamoja na chuma chake kimoja, lakini nani angeniambia wakati huo?). Nikamgonga fisi. Nikatokea uani, ambako kina mama wa kanisa kutoka Embu, wote wamevaa leso za aina moja, walikuwa wamejipanga kwa ajili ya picha. Mtu akikukimbilia hivyo huulizi sababu. Walitawanyika wakipiga mayowe, mpiga picha akabonyeza, na picha hiyo bado inazunguka kwenye makundi ya simu za watu: mimi katikati, mdomo wazi, kiatu kimoja, nikifukuzwa na kamba.

Mlinzi, aliyekuwa akitafuna majani yake ya muguka kivulini, akaja polepole. "Mathe, tulia. Nani anakufukuza?"

Nikamwambia kuna mtu ndani. Nilimaanisha nilichomaanisha. Yeye akaelewa anavyoelewa mlinzi, akachukua tochi, nami nikamfuata nyuma, kwa sababu sasa ndipo nilipokumbuka kwamba kweli kulikuwa na mtu ndani, na ni mama wa mume wangu.

Akamulika kibandani. Akahesabu kwa mwanga, mara mbili.

"Hawa huwa wawili," akasema.

Yule wa katikati akageuza uso kwenye mwanga. Mlinzi alimwita Mungu wake kwa Kimeru, na sitamcheka, sina haki hiyo. Mama mkwe hakumtazama. Alinitazama mimi, akatazama ile kamba kwenye mkoba wangu, kisha akauliza polepole, "Mama Nyaga, umesikia?"

Hapo ningesema kweli. Lakini ningesemaje kwamba niliitwa, nikamwacha mzee gizani na nyonga mbovu, mimi niliyeapa juu ya uteo wa ndengu? Nikasema, "Sikusikia kitu, mami. Nilienda kutafuta tochi."

"Hukusikia."

"Sikusikia."

Akainamisha kichwa. Kesho yake aliomba Njeru amrudishe Gachoka, hakutoa sababu, na mimi nilijua sababu: ameniita, sikuitika, majaribio yamekwisha. Njeru akanisifu kwa kukimbilia msaada. Nikapokea sifa.

Ila usiku nilikuwa silali. Mama mkwe ananiita Mama Nyaga, kwa jina la mtoto wangu ambalo pia ni jina la mumewe, tangu mtoto azaliwe hajawahi kuniita vingine. Kagendo alilitoa wapi? Sikuweza kumuuliza, maana kuuliza ni kukiri nilisikia. Nikaacha kumpigia, nikamwachia Njeru. Yeye akawa anarudi kutoka Gachoka akisema mama amekonda, hataki wageni, jioni anafunga mlango mapema na akiitwa na majirani haitiki.

Halafu Jumapili moja, nakaanga vitunguu, simu ikalia. Ni yeye. Hakusalimia.

"Mama Nyaga, kuna kitu nataka kukuuliza, na usinicheke. Kagendo ni nani?"

Nikazima jiko.

"Siku ile kule ndani," akaendelea, "mtu aliita hilo jina, karibu yangu hivi, upande wa kushoto. Mimi sikufungua mdomo. Nikakuuliza kama umesikia, ukasema hapana. Basi nikajua ni kichwa changu kimeanza kuharibika. Sikutaka kuwaletea hiyo shida kwa nyumba yenu."

Kushoto kwake kulikuwa na sanamu. Nilikalia debe la unga. Miezi yote hiyo mzee wa watu amejifungia akidhani ana wazimu, kwa sababu mimi niliona aibu ya kamba.

"Kagendo ni mimi, mami. Nyanya ndiye aliyeniita hivyo. Nilisikia. Nikakimbia, halafu nikakudanganya."

Nikasikia akivuta pumzi, ndefu, ya mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Kwa hivyo si kichwa changu."

"Si kichwa chako."

"Iliita mara ngapi?"

"Mara moja."

"Hata mimi nilisikia mara moja." Akafikiria kidogo. "Basi ulifanya vizuri kukimbia. Mwambie Njeru aje na gari, anitafutie na mahali pa kuku. Lakini wewe, siku nyingine ukikimbia, unishike mkono."