Bendeji ya Kulwa

Nakumbuka siku moja ya kiangazi tulipokwenda kucheza mpira kijijini Ipole. Mwanangu, jana umekabidhiwa mkoba wa huduma ya kwanza wa timu, kwa hiyo acha nikusimulie kabla hujauzoea.

Mkoba huo niliubeba mimi. Nilikuwa na mafunzo ya wiki mbili tu, lakini wachezaji waliniita Dokta, nami niliitika. Lilikuwa jina tamu, nisikufiche.

Kipindi cha kwanza Kulwa, winga wetu, alipigwa teke la muundi. Nikamfunga bendeji, nikaikaza sana ili amalize mechi. Wakati wa mapumziko akaniambia, "Dokta, vidole vimekufa ganzi."

"Unadeka kama bibi harusi!" nikamjibu.

Wenzake wakacheka. Hata yeye akacheka, akarudi uwanjani.

Njiani kurudi Tabora, juu ya lori, aliniomba mara mbili nimfungue. Nikamwambia avumilie, tunakaribia. Hospitali walipoikata ile bendeji, mguu ulikuwa wa baridi, mgumu kama gogo. Siku ya tatu wakaukata chini ya goti.

Kamati ya ligi ikataka maelezo yangu kwa maandishi. Kocha akanivuta pembeni. "Andika kwamba alikataa kufunguliwa. La sivyo utaozea jela, wewe!"

Nikaandika.

Kulwa alikuja kikaoni kwa magongo. Wakampa karatasi yangu. Aliisoma taratibu mpaka mwisho, kisha akaniangalia.

"Dokta, mimi nilikataa lini?"

Nilitazama sakafu, na shauri likafungwa hivyo hivyo.

Jela sikwenda. Kulwa sasa anauza asali sokoni, na kila nikipita huniamkia, "Shikamoo, Dokta," bila kejeli hata chembe. Kejeli ningeivumilia.

Basi, mwanangu, usiitikie jina ambalo hukulisomea. Mchezaji akikwambia ana ganzi, fungua, tazama, mtoe uwanjani, hata kocha akutukane; siku ya kuulizwa, kocha hatasimama mahali pako. Usilolijua, mpelekee anayelijua, na umpeleke mapema. Ukikosea, andika ulichofanya siku ile ile, kabla hofu haijakushika mkono.

Mungu akupe masikio ya kusikia maumivu ya mwenzako, na akuepushe na salamu kama ile ninayoitikia mimi kila nikienda sokoni.